Je, Wajua? Beringi Hutoa Taarifa Wiki Kadhaa Kabla ya Kufa

Mota ikisimama ghafla kiwandani utasikia, "Beringi imekufa," yaani kile kipuri chenye pete mbili na gololi katikati kinachoibeba shafti ili izunguke kwa ulaini. Ukweli ni kwamba beringi nyingi huanza kuharibika wiki kadhaa, pengine miezi, kabla ya siku hiyo, na muda wote huo huwa zinapiga kelele. Ila kelele yenyewe ni ndogo mno, tena imezama katika muungurumo wa kiwanda kizima. Siku hizi akili mnemba (AI) hutumiwa kuisikia. Sasa inaisikiaje?

Tuchukue beringi inayojulikana sana kwa mafundi wa mota: 6205, yenye tundu la milimita 25 na, kwa kawaida, gololi 9 ndani ya kizimba, yaani fremu inayozitenganisha. Mota ya poli nne (ncha nne za sumaku) kwenye umeme wetu wa Hertz 50 ikibeba mzigo huzunguka kama mara 1,480 kwa dakika, yaani karibu mara 25 kwa sekunde. Shafti ikimaliza mzunguko mmoja, kizimba cha gololi kinakuwa kimekwenda kama 0.4 tu ya mzunguko. Kwa hiyo, katika kila mzunguko wa shafti, gololi 3.6 hivi hupita juu ya sehemu moja ya pete ya nje, na kama 5.4 hupita juu ya sehemu moja ya pete ya ndani. Kishimo kikitokea kwenye pete ya nje, kila gololi inayokikanyaga inagonga: mapigo kama 88 kwa sekunde. Kikiwa pete ya ndani, yanakuwa kama 134. Yaani kabla hujashika spana unajua ni pete ipi iliyoliwa! Kwangu hapa ndipo penye uzuri wa jambo hili lote, na hesabu yake ni ya kuzidisha tu.

Fundi mzoefu alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni. Siku hizi kihisi (sensa) kidogo hubandikwa palepale, kikapima mtetemo maelfu ya mara kwa sekunde. Programu huuchambua mtetemo huo na kutenganisha kila pigo kwa kasi yake, kwa njia ya hesabu ya haraka ambayo James Cooley na John Tukey waliichapisha mwaka 1965. Mara nyingi uchambuzi hufanyika ndani ya kihisi chenyewe ili kuokoa betri, kisha matokeo tu ndiyo yanayotumwa kwenye mtandao.

Kazi ya akili mnemba inaanzia hapo. Mashine haiharibiki kila siku, kwa hiyo mifano ya ubovu huwa michache. Programu nyingi basi hufundishwa uzima: mota hii, kwa mzigo huu na joto hili, hutetemeka namna hii. Kinachotoka nje ya mazoea hayo kinaripotiwa. Kuna pia data za kufundishia, maarufu zaidi zikiwa za Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, ambako vishimo vya upana kuanzia milimita 0.18 vilitobolewa makusudi kwenye beringi. Programu nyingi hufaulu vizuri mno kwenye data hizo. Lakini kishimo kilichotobolewa maabara ni safi, na kiwanda kina vumbi, mikanda iliyolegea na mashine jirani inayotikisa sakafu. Sifa za maabara peke yake zisikufanye ununue.

Utauliza: kwa nini tusibadilishe beringi kwa kalenda, tukamaliza? Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba asilimia 89 ya vipuri walivyochunguza havikuwa na umri maalumu wa kuchakaa ambao ungefanya kuvibadilisha kwa ratiba kuwe na faida. Kabla yao, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Conrad Waddington na wenzake huko Uingereza waliona hitilafu za ndege za kivita zikiongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa ratiba. Kufungua kitu kizima kuna hatari yake.

Hata hivyo, programu ikikuambia "pete ya nje", haijakuambia kwa nini. Inaweza kuwa grisi imezidi, maji yameingia, mota na pampu hazijanyooka kwenye mstari mmoja, au umeme unapita kwenye shafti na kuunguza pete. Ukifunga beringi mpya bila kujua chanzo, nayo itakwenda njia ileile. Tena kengele zikilia ovyo kila mzigo unapobadilika, mafundi watazizima, na sitawalaumu.

Kwa hiyo kama kiwanda chenu kinafunga vihisi, vifungeni mashine ikiwa nzima, ili programu isije ikajifunza ugonjwa ikidhani ni afya. Beringi iliyotolewa isitupwe kwenye chuma chakavu siku hiyohiyo. Ipasuliwe, mtazame pete zote mbili, na fundi aliyeifungua aandike kwenye mfumo alichokikuta, hata kama alikuta haina kasoro yoyote.