Mkunjo haujapotea, umelala chini
Ukichora histogramu (mchoro wa nguzo) kwenye R, programu ya takwimu, kisha ukaongeza mkunjo wa kengele, mara nyingi mstari hulala chini kabisa, nawe ukadhani data ni mbovu. Sivyo. Nguzo zinahesabu idadi ya vipimo. Mkunjo unapima msongamano, na eneo lote chini yake ni 1. Chukua data ya faithful iliyomo ndani ya R, muda wa kusubiri chemchemi ya Old Faithful, Marekani, irushe maji: vipimo 272, nguzo ndefu zinapita 50, kilele cha mkunjo ni kama 0.03 tu! Andika freq = FALSE ndani ya hist(), amri inayochora histogramu, ili nguzo nazo zipime msongamano. Ukitaka kubaki na idadi, zidisha mkunjo kwa 272, kisha kwa upana wa nguzo, dakika 5. Hapo utaonekana, ingawa hautakaa sawasawa: data hii ina vilele viwili, kengele ina kimoja.