Je, wajua kwa nini korodani ikishushwa kwa upasuaji bado uzazi unaweza kusumbua?

Kati ya watoto wa kiume 100 waliotimiza miezi yao tumboni, 2 hadi 4 huzaliwa na korodani moja au zote mbili hazijashuka. Nyingi hushuka zenyewe kabla ya miezi 6. Zilizogoma hushushwa na daktari wa upasuaji, na inafaa iwe kabla ya miezi 18, maana mbegu za kiume hustawi penye ubaridi kidogo kuliko joto la mwili.

Hata hivyo wapo waliopasuliwa mapema, korodani zikatulia mahali pake, na ukubwani mbegu zao zikawa haba. Joto si kisa chote.

Mtoto mchanga ana balehe yake ndogo. Katika miezi ya mwanzo, hasa kuanzia mwezi wa 1 hadi wa 3, ubongo huamsha korodani kwa homoni, nazo humwaga testosteroni nyingi. Mama anayemnyonyesha haoni ndevu wala hasikii sauti nzito. Ndani lakini, seli changa zinageuka kuwa seli mama, akiba ya kuzalisha mbegu maisha yote. Kwa baadhi ya watoto hawa wimbi hilo huja dhaifu, na akiba haiwekwi. Kisu hushusha korodani tu. Akiba hiyo hakiwezi kuileta.

Daktari Faruk Hadziselimovic wa Uswisi alijaribu kuirudisha amri hiyo ya ubongo. Baada ya upasuaji, watoto waliokosa seli mama walipuliziwa puani dawa ya buserelin, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa miezi 6. Udogo wa dozi ndio siri yenyewe: ukiitoa nyingi kila siku, dawa hiyohiyo huzima homoni badala ya kuziamsha. Walipokua, wengi wao walikuwa na mbegu nyingi kuliko wenzao wasiopewa.

Waliochunguzwa walikuwa wachache, ndiyo maana madaktari bado wanabishana. Mwongozo wa Marekani wa 2014 unakataa homoni za kushusha korodani, lakini kushusha na kulinda uzazi ni mambo mawili tofauti. Kwangu mimi, mtoto ambaye korodani zote mbili hazikushuka anastahili swali hili kuulizwa, na liulizwe kabla ya siku ya upasuaji: je, mtachukua kipande kidogo cha korodani ili kupima kama seli mama zipo? Mtoto akishashonwa, kukipata kipande hicho ni kumpasua upya.