Patasi Imeanguka, Damu Yasemaje?

Mtaani Langoni, Lamu, mchonga milango akianza kuangusha patasi, baraza zima huwa matabibu. Huyu atasema kiharusi, yule atasema husuda, na wa tatu: "Apimwe damu, damu haifichi kitu." Namjibu huyu wa tatu, kwa kuwa neno lake ndilo linalofanana na elimu.

Tuseme ni ALS, maradhi adimu yanayoua neva zinazoamrisha misuli. Kiharusi huja ghafla. Haya huanza polepole, mara nyingi mkono au mguu mmoja, bila ganzi.

Dhana: damu imetoka safi, basi hana ugonjwa.
Ukweli: kupima malaria, sukari na wingi wa damu hakuonyeshi ALS. Vipimo vya kawaida husaidia kuyaondoa maradhi mengine yanayofanana nayo.

Dhana: siku hizi kuna kipimo kinachoutaja ugonjwa wenyewe.
Ukweli: kuna protini iitwayo nyurofilamenti nyepesi, sehemu ya kiunzi cha nyuzi za neva. Neva ikivunjika, protini hiyo humwagika kwenye maji ya uti wa mgongo, na chembe chache mno hufika kwenye damu. Ni kama pamba ya kalafati, ile inayozibia nyufa za jahazi: ukiiona inaelea mkondoni mbele ya Shela, utajua kuna chombo kinachoachia mbao, lakini pamba haikuambii chombo gani. Protini hii hupanda pia kwa kiharusi, kwa kuumia kichwa, hata kwa umri tu. Kwa mgonjwa wa ALS huwa juu sana, na kadiri ilivyo juu ndivyo maradhi yanavyoelekea kwenda mbio. Hapo ndipo faida yake.

Dhana: protini hiyo ikishuka, mtu amepona.
Ukweli: laiti! Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya tofersen kwa wenye hitilafu ya jeni ya SOD1, wagonjwa wachache sana kati ya wote wa ALS. Kwenye majaribio protini ilishuka waziwazi, lakini katika wiki 28 nguvu za wagonjwa hazikutofautiana kiasi kilichotarajiwa. Idhini ilitegemea kushuka huko, kwa sharti la ushahidi zaidi.

Kuambukiza, hauambukizi. Kurithiwa, ni kama mgonjwa 1 kati ya 10.

Fundi wetu, basi, atavuliwa shati kwanza. Daktari atatazama misuli inayorukaruka yenyewe, nyama ya chini ya gumba ilivyokonda, na ulimi. Kisha kipimo cha umeme wa misuli.