Mfumo wa sifa: tunayoyaamini Tabora, na hali ilivyo

Mfumo wa sifa ni kumpa mtu nafasi kwa ufaulu wake, si kwa ukoo wala kujuana.

Dhana: Mtihani ni mmoja, kwa hiyo wote wamepimwa sawa.

Karatasi ni moja, hilo kweli. Lakini mtoto wa Kaliua anayekosa vipindi kila msimu wa kuchuma tumbaku, kwa kuwa yuko shambani au kwenye bani la kukaushia majani, anajibu maswali yale yale na mtoto wa mjini anayelipiwa tuisheni. Alama inabeba akili, bidii na mazingira kwa pamoja, na hakuna msahihishaji awezaye kuvitenganisha.

Kuna na lugha. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Aliyetoka mchepuo wa Kiingereza anaingia kidato cha kwanza na kuanza kusoma fizikia. Mwenzake anaanza kujifunza lugha ya kuisomea hiyo fizikia. Miaka 4 baadaye wanaulizwa wote kwa Kiingereza, na matokeo tunayaita uwezo.

Dhana: Mwenye akili hutoboa tu, mtazameni Nyerere.

Hii hapa kwetu haikosi kijiweni. Ni kweli kijana wa Butiama alifaulu, akaja kusoma shule ya serikali ya Tabora miaka ya 1930, na kichwa alikuwa nacho. Ila Waingereza waliianzisha shule ile wakilenga watoto wa machifu, na baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Wenye vichwa kama chake waliobaki kuchunga ng'ombe hawana pa kuhesabiwa, maana mtihani wenyewe hawakuuona. Leo Tabora Wavulana, kama ilivyo Tabora Wasichana, huchukua wanafunzi wa vipaji maalumu kwa ufaulu, na chifu haulizwi. Hatua kubwa, nami siibezi.

Dhana: Basi mfumo huu ni geresha, tuuache.

Tushike nini? Vimemo? Karatasi ya NECTA, Baraza la Mitihani, inaandikwa namba, si jina, na hilo pekee limewavusha wengi wasio na mjomba ofisini. Wachina wa enzi za wafalme walikwenda mbali zaidi: makarani walinakili upya majibu ya watahiniwa wa utumishi, ili msahihishaji asitambue mwandiko. Hata hivyo wanawake hawakuruhusiwa, na mkulima alishindwa kumlisha kijana anayekesha na vitabu miaka na miaka. Mitihani hiyo ilifutwa mwaka 1905.

Dhana: Aliyefeli ni mvivu.

Zamani aliyekosa nafasi kwa kuwa si mtoto wa chifu alijua kaonewa. Wa leo anaambiwa hana kichwa, na mama yake mzazi anaanza kuamini. Michael Young, mwanasosholojia wa Uingereza, aliliona hilo mwaka 1958: alichora kwa kejeli taifa linaloendeshwa kwa mfumo wa sifa, walio juu wakijiona wamestahili kila kitu. Wanasiasa waliichukua kejeli ile wakaifanya sera, na mwaka 2001, akiwa mzee, Young aliandika gazetini kumtaka Waziri Mkuu Tony Blair aache kuisifia.