Je, wajua kwa nini kahawa ya Uchagani hupandwa chini ya migomba?

Anayepanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho au Marangu hukiona kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, kabla hajaiona nyumba iliyomo: juu kabisa miringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na karibu na ardhi magimbi. Kwa miaka mingi nilidhani sababu ni uhaba wa ardhi tu. Niliuona mgomba kama mpangaji asiyelipa kodi, unaokula mbolea ya mbuni na kuuzibia jua, na niliamini kwamba mkulima yeyote mwenye eneo la kutosha angeung'oa.

Nilikosea hata kuhusu nani ni mpangaji. Migomba ilikuwa imekaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa karne nyingi, ilhali kahawa aina ya arabika ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Aliyekaribishwa kihambani, basi, ni mbuni. Tena alikaribishwa mahali panapomfaa, kwa kuwa asili ya arabika ni misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, ambako huota chini ya miti mirefu. Uhaba wa ardhi ni wa kweli, lakini hautoshi kueleza mpangilio huo.

Tunda la kahawa lina kazi mbili kwa wakati mmoja: nyama ya nje huiva na kuwa nyekundu, na punje za ndani hujazwa sukari na mafuta. Kwenye jua kali kazi ya kwanza huitangulia ya pili, kama nyama iliyobandikwa kwenye moto mkubwa, ambayo juu imekwisha kukauka na ukiikata katikati bado ni mbichi. Kivuli hupunguza moto huo. Tunda huchelewa kuiva, na punje hupata muda wa kujaa. Mimina matunda yaliyovunwa kwenye beseni la maji: yaliyojaa huzama, mapepe huelea. Zaidi ya hayo, mbuni ulioachwa juani hutoa maua kupita kiasi, kama mtu anayeandaa harusi kubwa kuliko mshahara wake, na mwaka unaofuata hulipa deni kwa matawi makavu na mavuno haba.

Hata hivyo, si kila kivuli ni neema. Faida yake huonekana zaidi ukanda wa chini wenye joto; juu zaidi, kwenye ubaridi na mawingu, kivuli kizito hupunguza maua bila kuongeza ubora unaoonekana. Wakati wa ukame mgomba nao hunywa maji.

Kwa upande wa fedha, utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba shamba lenye kahawa na migomba pamoja huingiza zaidi ya asilimia 50 kupita shamba la zao moja. Bei na udongo wa huko si wa Moshi, lakini hesabu yake inaeleweka hapa pia: kahawa huleta fedha kwa msimu, ilhali mkungu wa ndizi hushushwa sokoni Mwika au Kiboroloni wiki yoyote ada ya shule inapodaiwa. Na bei ya kahawa ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapo wakulima waliong'oa mpangaji mmoja kihambani. Waling'oa mbuni.