Motokari inawaka asubuhi, mchana inagoma

Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi, joto likiwa limekaza na mvua bado haijashika vizuri, napokea motokari zenye ugonjwa mmoja. Asubuhi inawaka mara moja. Mchana ukiizima kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, ununue unga, ukirudi inazunguka tu, haishiki. Ukingoja saa nzima inawaka kama haijawahi kuugua.

Juzi mama mmoja aliniletea Corolla ya miaka ya 90, ya enjekta, yaani vimirija vinavyopuliza esanse (petroli) kwenye injini. Alikwisha kuuziwa betri mpya na starta mpya, na hilo liliniuma, maana injini inayozunguka kwa nguvu haina shida na betri wala starta.

"Papa, nimechoka kusukumiwa na vijana wa sokoni kila siku."

"Mama, keti kwanza. Tuipashe moto, tuizime, tungoje dakika 20."

Kuipima ikiwa baridi ni kumpima mgonjwa siku aliyopona. Ukizima injini, maji hayazunguki tena, na joto la chuma linapanda hadi kwenye bomba la enjekta. Esanse huanza kuchemka ikifika nyuzi 40 hivi, na huku kwetu juu, mita 1,200 na zaidi, inawahi kidogo. Kinachoizuia ni presha inayobaki ndani ya bomba. Presha ikivuja, enjekta zinatoa mvuke mtupu.

Dakika 20 zilipotimia, ikagoma. Nikafungua buji moja, ile plagi inayotoa cheche. Ilikuwa kavu, haina hata harufu. Buji ndiyo naiamini kuliko kitu kingine: ingekuwa imelowa esanse, ningejua injini imezama, na ningeanza na sensa ya joto la maji. Sensa nzima husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na kama 300 kwenye nyuzi 80. Ikidanganya kwamba maji ni baridi, kompyuta inamwaga esanse ya ziada. Hapo kanyaga mafuta hadi chini huku unapiga starta. Ikishika na moshi mweusi, umeishika.

Yetu ilikuwa na njaa, haikupata esanse. Chini ya boneti Toyota hizi zina kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS. Nikaunganisha matundu ya FP na +B kwa waya mfupi, ufunguo ukiwa umewashwa, ili pampu ya esanse ifanye kazi injini ikiwa imezimwa. Nikatega sikio kwenye mdomo wa tangi: pampu inalia. Baada ya sekunde kumi hivi mama akapiga starta, injini ikashika papo hapo.

Nikafunga geji ya presha kwenye bomba la esanse. Ikifanya kazi, presha ilikuwa sawa kabisa. Tukazima: baada ya dakika tano inapasa ibaki angalau kilo 1.5 kwa sentimita ya mraba, lakini yetu ilifika sifuri kabla ya dakika mbili. Mpira mdogo wa hewa wa regileta, kidhibiti cha presha ya esanse, ulikuwa mkavu ndani, basi esanse haikuvujia huko. Nikaijaza presha tena, nikazima pampu na kubana mpira wa kurudisha esanse kwa koleo lililofungwa kitambaa, bado ikashuka. Nikarudia, safari hii nikabana mpira unaotoka tangini, na mshale ukasimama. Basi ni vali ndogo ndani ya pampu, inayopaswa kuzuia esanse isirudi tangini.

Kesho yake tukaweka pampu mpya. Baada ya dakika tano mshale ulikuwa juu ya kilo 2. Mchana mama akarudi na bukari (ugali), akaizima mbele ya garaji, tukala. Dakika 20 zilipopita akaiwasha mwenyewe.