Je, wajua kwa nini namba za simu zote hugeuka kuwa 2147483647?

Umesajili wateja kwenye hifadhidata ya MySQL, kila mmoja na namba yake inayoanza na 255 au 254. Ukifungua jedwali unakuta wote wana namba moja: 2147483647. Hakuna mdukuzi aliyeingia. Ni safu wima ya simu imewekwa aina ya INT, yaani namba nzima.

INT hupewa baiti 4, yaani biti 32. Biti moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi. Kwa 31 zinazobaki, namba kubwa kuliko zote ndiyo hiyo. Ina tarakimu 10, wakati simu yenye msimbo wa nchi ina 12. MySQL isipokuwa katika hali kali (strict mode), inayokataa data isiyofaa, haikatai: huandika kikomo chake, hutoa onyo lisilosomwa na mtu, kisha huendelea na kazi. Kuanzia toleo la 5.7 hali kali huja ikiwa imewashwa, hivyo utapata kosa 1264. Afadhali kosa! Namba zilizokwisha kubanwa hazirudi hata ukipanua safu. Utazitafuta kwenye nakala rudufu, maana huwezi kuwapigia wateja uwaulize.

Wengi hukimbilia UNSIGNED. Hiyo hufuta hasi na kupandisha kikomo hadi 4294967295: bado tarakimu 10. Wengine huandika INT(20), lakini namba ya kwenye mabano ni upana wa kuonyesha tu, haiongezi hata baiti moja.

BIGINT UNSIGNED, yenye baiti 8, hufika 18446744073709551615. Inatosha, ila ina kisirani chake kwenye kutoa. Stoo ina 3, ukatoa 5: MySQL ya sasa hugoma kwa kosa 1690, na matoleo ya kabla ya 5.5 yalikujibu 18446744073709551614. Hebu fikiria ripoti ya mali hiyo mezani kwa mhasibu.

Kwa simu, mimi situmii aina ya namba kabisa, natumia VARCHAR, yaani maandishi. Hakuna anayejumlisha simu mbili, na INT humeza sifuri ya mwanzo, 07 ikabaki 7. Andika hivi:

ALTER TABLE wateja MODIFY simu VARCHAR(16);

Nafasi 16 zinatosha alama ya kujumlisha na tarakimu 15, ambazo ndizo mwisho kimataifa. BIGINT iachie safu ya AUTO_INCREMENT, ile inayojipa namba mfululizo kwa kila mteja, ambayo INT yake ikijaa kila mteja mpya atakataliwa kwa kosa 1062, eti namba yake ipo tayari.